Kupima gesijoto za viwandani kwa leza: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni kampuni changa ya wahandisi na mafundi wachache, tupo Dar es Salaam, na kazi yetu ni kutengeneza vihisi vya leza vya kupimia gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, zinazotoka kwenye dohani, mabomba na madampo. Vifaa vyetu bado vipo kwenye majaribio. Maswali yafuatayo tumeulizwa na mameneja wa viwanda, wakaguzi wa mazingira, wanafunzi wa vyuo na, si mara chache, wakazi wanaoishi jirani na viwanda.

Mnapima moshi?

Hapana. Moshi mweusi unaouona ukitoka kwenye dohani ni chembe za masizi, na ule mweupe mara nyingi ni mvuke wa maji uliopoa ukawa matone. Gesijoto tunazozifuatilia, yaani kabonidioksaidi, ambayo wengi huiita hewa ukaa, pamoja na methani, hazina rangi, na kwa viwango vya kawaida hazina harufu. Dohani inaweza kuonekana safi kabisa tangu asubuhi hadi jioni ilhali inatoa tani nyingi za hewa ukaa kila saa, na vali ya gesi inaweza kuvuja methani kwa miezi bila mlinzi anayepita kando yake kila siku kugundua chochote. Hata ile harufu ya gesi ya kupikia tunayoizoea majumbani huongezwa makusudi ili mtu ashtuke gesi inapovuja. Gesi yenyewe hainuki.

Leza inaionaje gesi ambayo jicho haliioni?

Kila gesi hunyonya mwanga wa aina fulani tu na kuuacha mwingine upite. Methani hunyonya vizuri mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanometa 1653, na kabonidioksaidi hunyonya vizuri karibu na nanometa 2004. Aina zote mbili zimo katika eneo la infraredi, ambalo macho ya binadamu hayalifikii. Leza ndogo ya diodi hutoa mwanga mwembamba sana wa aina moja, nasi huusogeza kidogo mbele na nyuma kwa kubadilisha mkondo wa umeme unaoiendesha, kama msikilizaji anayezungusha kitufe cha redio taratibu mpaka apite juu ya stesheni anayoitafuta. Mwanga huo unapokatiza ndani ya gesi na kufika kwenye kipokezi upande wa pili, grafu yake huwa na bonde mahali pale pale ambapo gesi imeunyonya. Tukijua kina cha bonde hilo, urefu wa njia ambayo mwanga umepita, joto na mgandamizo, kanuni ya Beer na Lambert hutupatia ukolezi wa gesi, yaani sehemu ngapi za gesi hiyo zimo katika sehemu milioni moja za hewa.

Tunakifunga kihisi kwa namna mbili. Kwenye dohani, leza hukaa upande mmoja na kipokezi upande wa pili, mwanga ukikatiza moshi wenyewe, hivyo hakuna haja ya kufyonza sampuli na kuipeleka maabara. Kwenye uzio wa kiwanda au ukingo wa dampo, leza hutumwa mbali hadi kwenye kiakisi kinachourudisha mwanga ulikotoka, na kipimo kinachopatikana ni wastani wa hewa yote iliyo njiani.

Teknolojia hii ni mpya?

Si mpya. Eunice Foote wa Marekani alionyesha mwaka 1856 kwamba hewa yenye kabonidioksaidi hupata joto zaidi inapoanikwa juani, na mwaka 1859 John Tyndall alianza kupima maabarani, huko London, jinsi gesi mbalimbali zinavyonyonya miale ya joto. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman. Jipya ni kwamba diodi za leza zimekuwa ndogo na zinadumu, kwa kuwa sekta ya mawasiliano ya faiba imezitengeneza kwa wingi, na mwanga wa nanometa 1653 unaoifaa methani uko jirani tu na ule unaobeba intaneti yetu. Tunachojaribu kuongeza sisi ni kifaa kinachostahimili mazingira ya pwani yetu na kinachoweza kutengenezwa na fundi aliyepo hapa hapa.

Kwa nini mnaipa methani uzito kuliko gesi nyingine?

Kwa sababu tatu ambazo ni vigumu kuzitenganisha. Ya kwanza ni nguvu yake: kwa tathmini ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, kilo moja ya methani huongeza joto takriban mara 28 ya kilo moja ya hewa ukaa ikihesabiwa kwa miaka 100, na zaidi ya mara 80 ikihesabiwa kwa miaka 20. Hukaa angani kwa takriban miaka 12 tu, kwa hiyo uvujaji ukizibwa leo faida yake huonekana ndani ya umri wa mtu aliyeuziba.

Ya pili ni kwamba mji huu unategemea gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa kabisa ni methani. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kuzalisha umeme jijini mwaka 2004, na bomba kubwa kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015. Leo gesi hiyo inaendesha mitambo ya Ubungo na Kinyerezi, inachoma tanuri za viwanda na inajazwa kwenye magari na bajaji zinazopanga foleni vituoni. Kila kiungo, vali na kompresa katika msururu huo ni mahali panapoweza kuvuja.

Ya tatu ni hesabu. Hewa ukaa inayotokana na kuchoma mafuta inaweza kukadiriwa vizuri tu kwa karatasi na kalamu, kwa kuwa kaboni iliyoingia kwenye injini ndiyo itakayotoka. Methani inayovuja haina risiti. Hakuna daftari la stoo linaloonyesha vali imevuja kiasi gani, na mbinu ya kuzidisha idadi ya vali kwa wastani uliopimwa nchi nyingine hutoa jibu lile lile kwa kiwanda kinachotunza mitambo yake na kwa kile kisichojali. Hapo ndipo tunapoona kipimo cha kweli kina kazi ya kufanya.

Kiwanda changu ni kidogo, nina jenereta ya dizeli tu. Ninunue kihisi?

Usinunue. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Hesabu lita zako kwa mwezi, zidisha, na utapata jibu ambalo kihisi chetu hakiwezi kulishinda kwa usahihi, na hakika hakiwezi kulishinda kwa bei. Wateja kadhaa tumewajibu hivi, na mmoja alidhani tunamdharau. Hatukumdharau.

Viwanda vya saruji je? Si wanaweza kuhesabu mafuta yao pia?

Kwa sehemu tu, na sehemu inayobaki ni kubwa. Chokaa ghafi, yaani mawe ya kalsiamu kaboneti kama yanayochimbwa eneo la Wazo, yakipashwa moto ndani ya tanuri huvunjika na kutoa hewa ukaa kutoka ndani ya jiwe lenyewe. Kwa kemia tupu, kila tani moja ya kalsiamu kaboneti safi hutoa kilo 440 za hewa ukaa na kubakiza kilo 560 za oksidi ya kalsiamu. Hata tanuri lote lingechomwa kwa umeme wa jua, hewa hiyo ingetoka vile vile. Katika utengenezaji wa klinka, yaani madonge yanayotoka kwenye tanuri na kusagwa kuwa saruji, zaidi ya nusu ya hewa ukaa huwa imetoka kwenye jiwe na si kwenye kuni, makaa ya mawe au gesi.

Kiasi halisi kinategemea usafi wa mawe, unyevu wake, na kama yamekamilika kuiva. Meneja makini hupima sampuli za malighafi kila zamu na kufanya hesabu nzuri. Kihisi kwenye dohani kinampa njia ya pili, isiyotegemea ya kwanza, na mahali ambapo njia hizo mbili hazikubaliani ndipo pa kuanzia uchunguzi: huenda mzani wa mkanda umepoteza usahihi, huenda hewa ya nje inaingia kwenye bomba kupitia ufa, au huenda kihisi chetu ndicho kilichokosea.

Kihisi kinanipa tani za gesi moja kwa moja?

Hili ndilo swali ambalo tungependa kila mnunuzi aulize, na wauzaji wengi wa vifaa hulipitia haraka. Jibu ni hapana. Leza hupima ukolezi. Ili kupata tani, lazima ujue pia ni mita ngapi za ujazo za gesi zinazopita kwa sekunde, na joto lake.

Chukua mfano wa bomba lenye eneo la mkato la mita za mraba 2, gesi ikienda mita 10 kwa sekunde, ikiwa na hewa ukaa asilimia 12 na joto la nyuzi 120. Zinapita mita za ujazo 20 kila sekunde. Kwa joto hilo na mgandamizo wa kawaida, hewa ukaa iliyomo ni takriban kilo 3.3 kwa sekunde, karibu tani 12 kwa saa. Sasa tuseme leza imepima asilimia 12 bila kosa lolote, lakini kipima kasi kimezidisha kwa sehemu moja ya kumi: umeongeza zaidi ya tani moja kila saa ambayo haipo. Na kama mhandisi, kwa kusahau, ametumia joto la hewa ya nje la nyuzi 30 badala ya nyuzi 120, jibu lake limepanda kwa karibu asilimia 30, bila leza kuhusika hata kidogo.

Kwa sababu hiyo kila kifaa chetu cha dohani huambatana na kipima kasi na kipima joto, na kila ripoti huandika kiasi cha kosa kinachoweza kuwemo kando ya namba yenyewe. Tumewahi kuombwa tukiondoe kiasi hicho kwenye ripoti kwa kuwa "kinaleta maswali". Tulikibakiza.

Na kwenye uzio, kwa nini mnauliza sana habari za upepo?

Kwa sababu bila upepo namba ya uzioni haina maana. Tunachohitaji ni tofauti kati ya hewa inayoingia kiwandani na ile inayotoka, kwa hiyo tunapima upande upepo unakotoka na upande unakokwenda, kisha tunatoa kimoja kwenye kingine. Wavuvi wa Feri hawahitaji kufundishwa hili: kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi hutawala katikati ya mwaka, na kati yake upepo huyumba. Kihisi kilichofungwa Januari upande sahihi kinaweza kujikuta Julai kinapima hewa ya jirani.

Zaidi ya misimu kuna mzunguko wa siku. Mchana upepo hutoka baharini na kuitawanya gesi. Usiku hewa hutulia, gesi hujikusanya karibu na ardhi, na ukolezi hupanda sana hata kama uvujaji haujabadilika. Mtu asiyejua hili akiona grafu hudhani kiwanda hufanya uovu wake gizani. Mara nyingi kilichobadilika ni upepo. Tena, jiji lenyewe lina hewa yake: mkaa wa jioni, malori, mifereji iliyosimama. Vyote huingia kwenye mstari wa leza, na ndiyo maana kipimo cha upande unakotoka upepo hatukiruki kamwe.

Mnaweza kupima dampo?

Tunaweza, na kwa maoni yetu ndiko kazi ngumu na yenye faida zaidi iliko. Taka za jikoni na sokoni zikifunikwa na kukosa hewa huoza na kutoa mchanganyiko ambao karibu nusu yake ni methani na unaobaki ni hewa ukaa. Dampo kama la Pugu Kinyamwezi halina dohani. Gesi hutoka kwenye nyufa, kwenye miteremko, na hutoka zaidi mgandamizo wa hewa unaposhuka. Mstari mrefu wa leza unafaa hapo kuliko kifaa cha mkononi kinachonusa sehemu moja moja, ingawa tunatumia vyote viwili: mstari mrefu kujua jumla, na kifaa cha mkononi kutafuta ufa.

Unyevu, vumbi na chumvi ya bahari haviharibu vipimo?

Hujaribu. Hewa ya Dar es Salaam ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, katika kila sehemu milioni moja za hewa zaidi ya sehemu 30,000 ni mvuke wa maji, ilhali methani ya kawaida angani haifiki hata sehemu 2. Lazima tuchague mstari wa mwanga ambao maji hayaugusi, na faida ya leza ni kwamba mwanga wake ni mwembamba kiasi cha kuweza kupenya kati ya mistari ya mvuke. Vihisi vya bei nafuu vya aina nyingine huchanganyikiwa na unyevu huo huo.

Vumbi hupunguza mwanga wote kwa pamoja, wakati gesi hupunguza sehemu moja tu ya grafu, hivyo programu huvitenganisha mpaka vioo vichafuke kupita kiasi; hapo kifaa hutoa taarifa kwamba kinahitaji kufutwa badala ya kubuni namba. Chumvi ya Kurasini na Kigamboni ilikula skurubu zetu za kwanza, sasa tunatumia chuma cha pua.

Ukungu ulitufundisha kwa aibu. Kisanduku cha kwanza tulikiunganisha ofisini penye kiyoyozi, tukakipandisha juu ya paa la kiwanda asubuhi ya masika, na kioo chake kikiwa bado baridi kikafunikwa na unyevu ndani ya dakika chache. Tulitumia nusu siku kuilaumu leza. Tangu hapo kioo kina kipasha joto chake kidogo, na hakuna anayefungua kisanduku kabla hakijazoea joto la nje.

Umeme ukikatika?

Kuna betri, na kumbukumbu huhifadhiwa ndani ya kifaa hadi mtandao urudi. Pengo likitokea, ripoti huonyesha pengo. Hatulijazi kwa wastani.

Mwanga huo ni hatari kwa macho au unaweza kulipua gesi?

Vifaa vyetu tumevisanifu kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1, daraja la 1, ambalo ni salama katika matumizi ya kawaida. Mwanga wa nanometa 1653 hunyonywa na maji ya sehemu ya mbele ya jicho kabla ya kufika kwenye retina. Hata hivyo hatumruhusu mtu kuuchungulia kwa darubini. Kuhusu mlipuko, hatari huwa kwenye saketi za umeme kuliko kwenye mwanga, na kwa kuwa kisanduku chetu bado hakijathibitishwa kutumika maeneo yenye gesi ya kulipuka, hatukiweki humo: hukaa nje ya eneo la hatari, na mwanga wa nguvu ndogo hupelekwa kwa waya wa faiba.

Nitajuaje kwamba kihisi chenu hakidanganyi?

Kwa ugezi, yaani kukilinganisha na gesi ya rejea ambayo ukolezi wake umethibitishwa na maabara inayotambulika. Tunapitisha mtungi usio na methani, kisha mtungi wenye kiwango kinachojulikana, mbele ya mwakilishi wako, na cheti cha mtungi unakisoma wewe mwenyewe. Tunafanya hivyo wakati wa kufunga na kwa vipindi tunavyokubaliana. Ukiwa na shaka, alika mtu mwingine mwenye kifaa chake apime siku hiyo hiyo. Tumefanya hivyo na hatukushinda kila mara.

Setilaiti si zinaona haya yote bila gharama kwetu?

Zinaona mengi. Kifaa cha TROPOMI, kilichorushwa mwaka 2017, hupita karibu kila siku mapema alasiri na kutafuta methani dunia nzima, lakini kila doa la picha yake lina kilomita kadhaa kila upande, na mawingu huliziba. Setilaiti nyingine huona kwa ukaribu zaidi, ila kwa uvujaji mkubwa na siku zenye anga safi. Setilaiti inaweza kukuambia kwamba kuna tatizo upande fulani wa jiji. Haiwezi kumwambia fundi wako afunge vali ipi.

Sheria inanilazimisha kuwa na kihisi kama hiki?

Sisi si wanasheria, na wa kumuuliza ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Kwa upande wa gesijoto, Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris mwaka 2018, na katika mchango wake wa kitaifa wa mwaka 2021 iliahidi kupunguza ongezeko la gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwepo bila hatua kuchukuliwa. Kwa wanaouza Ulaya saruji, chuma, alumini au mbolea, shinikizo linatoka kwa mnunuzi: utaratibu wa Umoja wa Ulaya wa ushuru wa kaboni mipakani ulianza kwa kudai taarifa Oktoba 2023, na kuanzia 2026 unagusa malipo.

Nikiwa na kihisi, naweza kuuza hewa ukaa?

Kihisi peke yake hakikupi chochote cha kuuza. Biashara ya kaboni nchini inaongozwa na kanuni za mwaka 2022, mradi lazima usajiliwe, na lazima uonyeshe kwamba upunguzaji usingetokea bila mradi huo. Vipimo ni ushahidi ndani ya safari ndefu. Mtu akikuahidi fedha za kaboni kwa kufunga kisanduku ukutani, mwombe akuonyeshe usajili.

Takwimu ni za nani?

Ni za mwenye kiwanda. Hatuziuzi wala kuzitangaza. Mamlaka ikizidai kisheria, itamdai mwenye kiwanda, naye ndiye atakayezitoa. Majirani wanaotuuliza huwa tunawaelekeza kwa uongozi wa kiwanda au serikali ya mtaa, na tunawashauri wenye viwanda waweke angalau wastani wa mwezi kwenye ubao wa getini, ingawa uamuzi si wetu.

Bei?

Hatujaipanga, kwa kuwa kifaa bado ni cha majaribio. Kinachogharimu zaidi ni leza yenyewe na mitungi ya rejea, ambayo vyote hutoka nje ya nchi.

Tukitaka mje kufanya jaribio, tuandae nini?

Mchoro wa dohani au bomba wenye vipimo vya ndani, si vya nje. Joto la gesi kwa makadirio ya karibu. Mahali palipotobolewa, au ruhusa ya kutoboa, kwenye sehemu iliyonyooka na iliyo mbali na kona, kwani gesi inayotoka kwenye kona huzunguka na kupotosha kasi. Mtu mmoja wa matengenezo awe nasi muda wote, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni vali ipi iliyofunguliwa jana. Na ngazi yenye kizuizi na jukwaa la kusimama: tumewahi kurudi bila kupima baada ya kuona ngazi iliyofungwa kwa kamba, na tutarudi tena hivyo hivyo tukiikuta.